Kati ya Karandinga na Mlango wa Mahakama

Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 2017, akihutubia sherehe za Uhuru katika Uwanja wa Jamhuri mjini Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Kati yao, 1,828 walitakiwa kutoka siku hiyohiyo. Takwimu za namna hiyo husomwa kila sikukuu ya Uhuru na husahaulika kabla ya chakula cha jioni. Safari hii zilibeba jina ambalo nchi nzima ililijua. Rais alipoitaja familia ya Nguza Viking, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi: ni mwanamuziki Nguza mwenyewe, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha katika gereza la Ukonga, Dar es Salaam. Jioni ile picha zao wakitoka gerezani zilikuwa zimeshasambaa kwenye simu, na mtu aliyeketi Ruhuwiko, kata ya pembeni mwa Songea ambako ndege za mji huo hutua, aliweza kuziona mapema kama aliyeketi Kariakoo. Kwa barabara, kutoka Ruhuwiko hadi lango la Ukonga ni zaidi ya kilomita 900.

Kasi hiyo ilikuwa ngeni kwa mkasa huu. Ulipoanza, Oktoba 2003, WhatsApp haikuwepo na simu yenye kamera ilikuwa anasa ya wachache. Gazeti lililochapwa Dar es Salaam usiku lilipakiwa kwenye basi, likapita Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, na lilipoteremshwa Songea habari zake zilikuwa zimeshalala. Mwenye redio alikuwa amesikia yote. Kilichomfanya atoe pesa mfukoni ni picha. Alitaka kuuona uso wa mtu ambaye jana alikuwa jukwaani na leo yuko chini ya ulinzi.

Lakini gazeti lina maisha mafupi katika mji wowote wa Tanzania. Likishasomwa na kuazimwa, linafungia maandazi, linafunika meza ya muuza samaki, au linabandikwa ukutani kwa kinyozi hadi rangi zake zipauke. Anayetaka leo kukusanya picha za Babu Seya za miaka ya kifungo, akianzia Ruhuwiko, hawezi kutegemea karatasi za dukani. Itambidi afuate magazeti yaliyotunzwa kwa miaka, kwenye vyumba vya habari vya Dar es Salaam au kwenye mkusanyiko wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akiyafunua moja baada ya jingine ataona jambo ambalo msomaji wa kila siku hakuliona: miaka kumi na tatu na ushei ya kifungo imejaa mapengo. Anatokea, anapotea miezi mingi, anatokea tena. Mkusanyiko wake ni kalenda ya mahakama.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kupigwa picha kwa raha. Nguza Viking alikuja Tanzania akitokea Zaire, katika wimbi la wanamuziki lililoileta Orchestra Maquis du Zaire na kuzigeuza kumbi za Dar es Salaam za miaka ya 1970 na 1980. Yeye alipiga gitaa la solo, na katika dansi la wakati ule mpiga solo hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya waimbaji. Ubeti ukiisha na sebene likaanza, ukumbi ulikuwa mikononi mwake. Mwanawe Johnson, yaani Papii Kocha, alikuwa wa zama nyingine, mwimbaji aliyetamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbele ya vijana ambao wengi wao hawakuwahi kumwona baba mtu akipiga gitaa enzi za Maquis. Familia moja ilikuwa na mashabiki wa vizazi viwili, na wahariri walilijua hilo vizuri. Jina lao lilipoingia kwenye kesi, magazeti ya kila siku na yale ya udaku yalikimbilia habari ileile.

Tuhuma zenyewe zilikuwa nzito kupita umaarufu wowote. Nguza na wanawe watatu, Papii Kocha, Nguza Mbangu na Francis Nguza, walishtakiwa kwa kubaka na kulawiti watoto kumi wa kike, wanafunzi wa shule ya msingi, wenye umri wa kati ya miaka sita na minane. Tarehe 25 Juni 2004, Hakimu Addy Lyamuya wa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu aliwatia hatiani wote wanne na kuwafunga maisha, adhabu ambayo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikuwa imeiweka kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka kumi. Januari 2005 Jaji Thomas Mihayo wa Mahakama Kuu aliitupa rufaa yao.

Wapigapicha wa Dar es Salaam wanaufahamu uwanja wa Kisutu kama mvuvi anavyoufahamu mkondo wake. Karandinga linaingia, askari wanashuka kwanza, kisha wanashuka watuhumiwa, na kutoka hapo hadi mlangoni ni hatua chache tu. Ndani, kesi ikishaanza, kamera haina kazi. Gerezani ndiyo kabisa, maana mgeni anayekwenda kumwona ndugu yake huacha simu getini. Kwa hiyo kazi yote ya kumpiga picha mfungwa maarufu hufanyika katika kipande kile cha ardhi kati ya gari na mlango, na tena wakati wa kurudi. Mpigapicha hawezi kumwomba mtu asimame vizuri au ageukie mwanga. Anainua kamera juu ya vichwa vya watu na kubonyeza, akitumaini kwamba bega la askari halitaukata uso.

Picha zinazotoka hapo ni za kushtukiza kwa maana halisi. Macho yanatafuta ndugu katika umati, mkono umeinuliwa nusu, mtu amegeuka kwa sababu ameitwa jina. Kwa mwanamuziki, ambaye kazi yake ilikuwa kutazamwa, kuna ukali wa pekee katika hali hiyo. Jukwaani huchagua upande wa kusimamia, suti, muda wa kutabasamu. Hapa haamui chochote isipokuwa kuinamisha kichwa au kutoinamisha. Ni rahisi sana kusoma toba, kiburi au simanzi katika uso uliokamatwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na magazeti yalikuwa na kila sababu ya kumsaidia msomaji kusoma hivyo kwa kichwa cha habari chenye herufi kubwa. Picha yenyewe haithibitishi hatia wala haiondoi.

Kuna njia moja rahisi ya kuzipangia miaka picha hizi hata pale tarehe imekatwa na mkasi: kuhesabu watu. Wakionekana wanne chini ya ulinzi, ni kabla ya tarehe 11 Februari 2010. Siku hiyo Mahakama ya Rufani, chini ya majaji Nathalia Kimaro, Mbarouk Mbarouk na Salum Massati, iliwaachia Nguza Mbangu na Francis kwa kuona kwamba ushahidi dhidi yao hautoshi, na kubakiza adhabu ya baba yao na Papii Kocha. Wakili wao alikuwa Mabere Marando. Tangu hapo, picha ya mahakamani ina wawili tu. Mwaka 2013 waliomba mahakama ileile iupitie upya uamuzi wake, nayo ikakataa.

Hesabu hiyo ya vichwa ina deni lake. Picha ya watu wanne ya mwaka 2004, inapochapwa tena leo bila maelezo, inaendelea kuwaweka hatiani watu wawili ambao mahakama ya juu kabisa ya nchi iliwaachia. Walitoka gerezani lakini hawakutoka kwenye picha. Mkusanyaji anayezihifadhi bila kuandika chochote nyuma yake anashiriki jambo hilo, apende asipende, na hapo ndipo kazi ya mkusanyaji inapoachana na ya shabiki.

Na kuna kundi ambalo halimo kabisa kwenye mkusanyiko, na lisiwemo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi katika kesi za makosa ya kujamiiana upokelewe faraghani, na inakataza vyombo vya habari kuuchapisha au kuwaanika mashahidi. Watoto kumi hawana picha. Nchi ilikuwa na nyuso nne za kutazama upande mmoja, na upande wa pili ilikuwa na namba tu. Ulinzi huo ni wa haki kabisa, lakini ulizaa kitu ambacho sheria haikukikusudia: mazungumzo ya vijiweni na kwenye mabasi yalielemea upande ulioonekana. Watu walibishana miaka nenda rudi kuhusu Babu Seya, nani alimwonea wivu, nani alimtengenezea kesi, kana kwamba katika kesi ile hakukuwa na wengine. Mtu huonea huruma uso kwa wepesi kuliko namba.

Songea ina sababu zake za kuitazama picha ya mfungwa kwa jicho kali. Kilomita chache kutoka Ruhuwiko, eneo la Mahenge, ipo Makumbusho ya Taifa ya Majimaji na kaburi la pamoja la wapiganaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Hesabu inayotajwa katika kumbukumbu za kila Februari ni 67, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Kutoka Vita vya Majimaji zimebaki picha za mateka wenye minyororo shingoni, zinazochapwa tena na tena katika vitabu vya historia vya shule. Mwanafunzi wa Ruhuwiko hukutana nazo kabla hajakutana na picha ya mfungwa mwingine yeyote. Katika picha zile, aliyeshika kamera na aliyeshika mnyororo walikuwa upande mmoja. Wafungwa wamepangwa mstari na kuambiwa watulie, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote pembeni ya picha.

Picha za Kisutu zilipigwa na watu wa aina nyingine, waajiriwa wa magazeti wasio na mamlaka juu ya mfungwa, na zilibeba majina. Tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo, saa ya kupiga na mahali pa kusimama viliamuliwa na aliyekuwa na funguo za gari.

Mahali pengine duniani aliyekuwa na funguo aliamua kufungua. Julai 1934, John Lomax na mwanawe Alan walifika na mashine ya kurekodia katika gereza la Angola, jimbo la Louisiana nchini Marekani, kumrekodi mfungwa aliyeitwa Huddie Ledbetter, aliyepiga gitaa la nyuzi kumi na mbili. Alan alipiga picha uani kwa wafungwa: kundi la watu weusi, na mbele yao Ledbetter, ambaye dunia ingemjua baadaye kwa jina la Lead Belly. Aliachiwa tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Picha ile ipo katika Maktaba ya Bunge la Marekani na ni moja ya picha chache za mwanamuziki mkubwa akiwa ndani ya uzio wa gereza, katikati ya wenzake, mchana wa kawaida. Iliwezekana kwa sababu hakuwa maarufu. Uongozi wa gereza haukuona hatari yoyote kumwachia mgeni mwenye kamera azunguke. Babu Seya aliingia Ukonga akiwa na jina kubwa tayari, na jina hilo liliufunga mlango zaidi.

Ndugu zetu wa Uganda walipitia hali iliyo kinyume, ambako kukosekana kwa picha kulizua moto. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2018, mjini Arua, mwanamuziki na mbunge Robert Kyagulanyi, Bobi Wine, alikamatwa katika vurugu za uchaguzi mdogo, na dereva wake Yasin Kawuma akauawa kwa risasi. Mawakili wake walisema amepigwa vibaya mikononi mwa jeshi, serikali ilikanusha. Kwa siku kadhaa hapakuwa na picha ya kumaliza ubishi, na kila upande ulidai kwamba picha ingeuthibitisha. Tarehe 20 Agosti, vijana walipoandamana Kampala, mpigapicha James Akena wa shirika la Reuters alipigwa na askari akiwa kazini, na picha ya Akena mwenyewe, amepiga magoti na mikono juu, ikazunguka dunia. Bobi Wine alionekana tarehe 23 Agosti mahakamani Gulu akitembea kwa magongo. Magongo yale yalijibu maswali ambayo taarifa za jeshi hazikuyajibu. Mwaka uliofuata, alipowekwa mahabusu Luzira mwishoni mwa Aprili, kesi yake ya dhamana ilisikilizwa kwa njia ya video: yeye gerezani, hakimu mjini. Safari ya karandinga ilifutwa, na pamoja nayo zile hatua chache za uani ambako kamera huishi.

Hapo ndipo mkusanyaji wa Ruhuwiko anapoweza kuona thamani ya makaratasi yake yaliyopauka. Mahakama za Tanzania nazo zimeanza kutumia video kwa mashauri ya mahabusu. Huokoa mafuta, askari na muda, na hakuna anayetamani foleni za makarandinga zirudi. Lakini picha ya aina ya Kisutu itakuwa adimu.

Pengo kubwa kuliko yote katika mkusanyiko wa Babu Seya linaanza mwaka 2013, baada ya ombi la mwisho katika Mahakama ya Rufani kukataliwa. Hakukuwa tena na tarehe ya kesi Dar es Salaam, kwa hiyo hakukuwa na gari wala uani. Ilibaki hoja moja ya kisheria, nayo ilikuwa ya karatasi: mwaka 2015 baba na mwana walifungua shauri katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Wafungwa hawakusafirishwa kwenda kupigwa picha huko. Kwa miaka minne magazeti yalipotaka kuandika habari zao yalikuwa na picha za zamani tu, na Babu Seya wa magazeti hakuzeeka. Aliyekuwa akizeeka ni yule wa Ukonga.

Ndiyo maana picha za tarehe 9 Desemba 2017 zilishtua. Nje ya gereza kulikuwa na umati, kamera za magazeti na televisheni, na simu ambazo hazikuhesabika. Picha zilizopigwa katika saa chache zile bila shaka zilizidi zote za miaka kumi na tatu iliyotangulia. Watu walipanua picha kwa vidole viwili, wakimtafuta kijana wa 2003 katika uso wa mtu mzima, wakihesabu mvi za baba. Ubora wake haukuwa mzuri kila mara. Lakini kwa mara ya kwanza hakukuwa na askari wa kumharakisha mtu kuelekea mlangoni.

Furaha ilikuwa kubwa mitaani, na ghadhabu pia ilikuwepo. Wanaharakati wa haki za watoto waliuliza msamaha huo unawaambia nini watoto kumi wa mwaka 2003, ambao sasa walikuwa wasichana wakubwa na wenye simu zao, wakipokea picha zilezile kama watu wengine wote. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe, na haimlazimu kueleza sababu. Tarehe 2 Januari 2018 familia ya Nguza ilifika Ikulu, Dar es Salaam, kumshukuru. Picha za siku hiyo zilitolewa na Ikulu, zina mwanga mzuri, watu wamesimama wakitazama kamera, wamevaa vizuri. Kwa mkusanyaji ni picha dhaifu kuliko zote, ingawa ndizo zilizosambazwa rasmi: kila kitu ndani yake kimepangwa.

Arusha ilizungumza baada ya hapo. Tarehe 23 Machi 2018, Mahakama ya Afrika ilisema Tanzania ilikiuka haki ya utetezi ya waombaji katika baadhi ya mambo, likiwemo la kutopewa nakala za maelezo ya mashahidi. Mei 2020 ikatoa uamuzi mwingine kuhusu fidia. Haikufanya kazi ya mahakama ya rufaa kwa kuwatangaza kuwa hawana hatia, na msamaha wa Rais nao ulifuta adhabu iliyobaki bila kuifuta hukumu. Yote hayo, pamoja na kuachiwa kwa wale wawili mwaka 2010, yanapaswa kuandikwa chini ya picha ya Juni 2004 kabla haijapewa mtu mwingine. Hayataenea kwenye upana wa safu mbili za gazeti. Itabidi yaendelee nyuma ya karatasi.